Wiski na lutuku: yanayosemwa Lubumbashi na yanayotokea mtamboni

«Wiski nyeusi ndiyo ya zamani.» Ikitoka mtamboni, wiski ni nyeupe kama lutuku, pombe kali inayopikwa kienyeji hapa Lubumbashi, na kilevi chake ni karibu 70%. Rangi huiokota ndani ya pipa la mwaloni. Sheria ya Scotland inadai miaka 3 au zaidi kwenye pipa lisilozidi lita 700, lakini inaruhusu pia kutia rangi ya karameli. Usihukumu kwa macho. Na chupa haizeeshi: wiski ya miaka 12 iliyokaa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 12.

«Moshi unatoka kwenye pipa lililochomwa.» Kule Islay, kisiwa cha Scotland, moshi huingia mapema zaidi, wakati shayiri iliyoota inakaushwa juu ya moto wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza. Pipa lililochomwa huleta utamu na harufu ya vanila.

«Mahindi ni ya lutuku, si ya wiski.» Bourbon ya Marekani lazima iwe na mahindi 51% au zaidi. Hata kanuni ni ileile. Hamira haili wanga, inakula sukari, kwa hiyo wanga lazima ukatwe kwanza. Scotland hutumia vimeng'enya, yaani vikata-wanga, vya shayiri iliyoota. Mama wa lutuku hutumia mahindi yaliyooteshwa. Anayejua munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ameshaona jambo hilo: uji mzito unatiwa mizizi, unalegea, unakuwa mtamu. Kosa kubwa ni haraka. Ukitia unga wa mbegu zilizoota kwenye uji unaotokota, vimeng'enya vinakufa, uji unabaki mzito na hauchachi vizuri. Uache upoe hadi nyuzi 65 hivi.

«Mwaga kikombe cha kwanza, sumu imekwisha.» Hii ndiyo ya hatari. Kweli methanoli, sumu yenyewe, huchemka kwa nyuzi 65 na pombe ya kawaida kwa 78, ila zikichanganyika na maji hazitoki kwa foleni; methanoli huendelea kutoka hadi mwisho. Bahati nzuri nafaka huzaa kidogo sana. Vifo na upofu vinavyosikika nchi nyingi hutokana hasa na methanoli ya kiwandani iliyoongezwa ili pombe iwe nyingi. Kuiwasha uone moto wa bluu hakupimi kitu, kwani zote mbili huwaka bluu.

Kikombe cha kwanza kina ubaya wake mwingine: kinanuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mpikaji wa Scotland hukipima kwa kutia maji. Kikiwa na ukungu, bado. Kikitakata anaanza kukusanya moyo, yaani sehemu ya katikati, na anaacha kilevi kikishuka karibu 60%. Kichwa (cha mwanzo) na mkia (cha mwisho) havimwagwi, vinarudishwa kwenye mpiko unaofuata.

«Bomba lolote linafaa, mradi lipoeshe.» Hapa mji wa shaba unajicheka, maana lutuku yetu hupikwa kwenye pipa la chuma. Mitambo ya Scotland ni ya shaba kwa sababu shaba hunasa salfa, ile harufu ya kabichi iliyooza. Kazi hiyo huila shaba yenyewe: kuta hukonda mwaka hadi mwaka, mpaka kipande kibadilishwe. Radieta kuukuu ya gari ikitumiwa kupoeshea, nayo mara nyingi imeunganishwa kwa madini ya risasi. Risasi hiyo inayeyukia ndani ya pombe, na hakuna kikombe cha kumwaga kitakachoiondoa.