Polisi wapya: yenye watu wanasema hapa Lubumbashi na yenye iko kweli

Kila Kinshasa ikitangaza kama itaandika polisi wapya, hapa Lubumbashi maneno yanaanza, Katuba mpaka Ruashi, kwa taksi, kwa saluni, kwa makundi ya WhatsApp, na mengi yenye kusemwa si kweli, na wenye kuumia ni vijana wenye kutafuta kazi na sisi wenye kulala na woga wa wezi.

Yenye nasikia sana: "ONU (Umoja wa Mataifa) ilisema polisi mmoja kwa watu 450, sisi tuko chini, basi waandike tu mpaka tufike."

Hapana jamani. ONU haina kipimo kama hicho. Ile namba inazunguka Afrika nzima, wakubwa wanaisema kwenye mikutano, magazeti yanaikopi, lakini ukitafuta karatasi ya ONU yenye kuiweka kama sheria hauipati. Kila nchi inapiga hesabu yake, na nchi yetu ya Kongo yenye kilometa za mraba zaidi ya milioni 2, barabara zenyewe unazijua, haiwezi kuhesabu sawa na Rwanda.

"Gavana aandike polisi wake wa Haut-Katanga." Hawezi. Katiba ya 2006, kifungu cha 202, inaweka polisi ya taifa kwa mikono ya serikali kuu. Ni kweli kifungu cha 184 kinasema polisi iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali, lakini kazi yenyewe iko chini ya wizara ya mambo ya ndani. Kugawa Katanga mikoa 4 mwaka 2015 hakukubadilisha kitu hapo.

Sasa hii ndiyo inanichoma: "wakiwa wengi, wizi utaisha."

Angalia ofisi ndogo ya polisi kwenye kartye. Meza moja, benchi, daftari ya kurasa zenye kukunjamana. Mama ameibiwa simu anakuja kushitaki, anaombwa alete karatasi ya kuandikia na franga za taksi ili polisi waende kutafuta mwizi, na yule polisi anapigia mkubwa wake na simu yake mwenyewe, yuniti zake mwenyewe. Ukiongeza polisi kumi hapo bila radio, bila mafuta, bila nyumba, umeongeza watu kumi wenye kuomba franga za taksi. Tangu 2011 Leta, ni kusema serikali, ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki ili mshahara usikatwe njiani, ni jambo zuri sana, lakini mshahara wenyewe kama ni mdogo benki haiukuzi, na polisi mwenye watoto watatu lazima atafute kwingine, mnajua wapi.

Uingereza ilipotusaidia kujaribu polisi ya ujirani, Bukavu, Kananga na Matadi, hawakuanza na wingi. Walianza na mafunzo na polisi kukaa na wakaaji kusikia shida zao. Mpango wowote wa kuongeza polisi wenye kutaja idadi bila kutaja bajeti ya mafunzo na vifaa, mimi siuamini.

Wengine wanasema polisi wote ni waasi wa zamani waliovalishwa uniforme. Si wote, lakini maneno hayo yana mzizi: mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na kundi la waasi la CNDP yaliruhusu wapiganaji wake kuingia jeshi na polisi. Ndiyo maana kuchunguza kila mtu mbele ya kumwandika ni lazima.

"Polisi akikutesa, hakuna pa kumshitaki." Pako. Kifungu cha 156 cha Katiba kinapeleka makosa ya polisi kwa mahakama za kijeshi, kwa hiyo unaenda kwa auditora ya kijeshi (ofisi ya waendesha mashitaka wa jeshi), usipoteze siku kwa parke ya kawaida, ile ya raia. Na kifungu cha 18 kinasema polisi hawezi kukufunga zaidi ya saa 48 bila kukufikisha kwa wakubwa wa sheria, na unaweza kuita familia yako. Hiyo wapya wafundishwe siku ya kwanza, mbele ya kushika bunduki.

Na wewe kijana mwenye kuambiwa "toa dola, nikuandike": sheria ya tarehe 1 Juni 2013 ndiyo inapanga namna ya kuingia polisi. Inaangalia uraia, afya, mwenendo. Dola za mtu wa katikati hazimo.