Huo ni umaarufu, si mvuto

Stejini kwetu Busia, upande wa Uganda, chama kikibadili kiongozi tu utasikia: "Sasa kimepata mvuto mpya." Juzi nimelisikia mara tatu kabla sijamaliza chai, nikaona niseme.

Mvuto wa chama ni ile hali ya watu kukiendea na kubaki nacho hata kinara akiondoka. Basi.

Kinachonikera ni kuuita umaarufu mvuto. "Maarufu" limetoka Kiarabu, maana yake kinachojulikana. Ni ndugu wa arifu, taarifa na maarifa. Hata mwizi wa kuku huwa maarufu mtaani. Mvuto umetokana na kuvuta, na huvuti bila kamba. Mvuvi wa Majanji hapati samaki kwa kuwatangazia jina lake. Kamba ya chama ni matawi, wenyeviti wa vijiji, na mawakala wanaokesha na masanduku ya kura.

Tazama FDC, chama cha upinzani hapa Uganda. Mwaka 2012 Mugisha Muntu alimrithi Kizza Besigye uongozi wa chama akahimiza matawi, lakini 2015 wajumbe wakamrudia Besigye agombee urais wa nchi. Akapata asilimia 35 mwaka 2016. Patrick Amuriat alipogombea 2021 akaambulia 3 na kitu, watu wakasema chama kimezikwa. Mbona bungeni kilirudi na wabunge zaidi ya 30, karibu kama awali? Kilichoporomoka ni umaarufu. Kamba ilikuja kulegea baadaye, 2023, walipoanza kuivuta wao kwa wao, kila kundi upande wake.

NUP, chama kingine cha upinzani, ni kinyume. Kilikuwapo miaka mingi kwa jina jingine, wachache wakikijua. Robert Kyagulanyi, yaani mwanamuziki Bobi Wine, alikabidhiwa uongozi Julai 2020. Januari 2021 kikawa chama kikubwa cha upinzani bungeni. Hilo si dogo, silibezi. Ila wabunge wake wengi mno walitoka Buganda, katikati ya nchi. Jina la kiongozi lilikuwa limefika Arua, kule kaskazini-magharibi, siku nyingi. Kamba ilikuwa bado fupi.

Kwa hiyo, kijana wangu mwenye kofia nyekundu ya NUP, bango jipya likibandikwa sema chama kimepata jina. Hujakosea sana. Mvuto liweke kwanza, mpaka mtu wa tawi aje hapa stejini kukuuliza kadi yako na uchaguzi uko mbali miaka mitatu.