“Si walishaombwa radhi?”

Ukiwataja wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani katika Vita vya Pili vya Dunia, hukosi mtu wa kusema: walishaombwa radhi, sasa wanataka pesa tu. Sivyo. Tamko la Kono la 1993, lililotolewa na msemaji mkuu wa serikali ya Japani, lina radhi, kweli. Lakini pesa walizopewa mkononi na mfuko ulioanzishwa Japani 1995 kwa ajili yao zilikuwa michango ya wananchi wa Japani, si serikali kukiri deni la kisheria. Bibi wengi wa Korea Kusini walizikataa. Mwenye tamaa hukataa pesa? Mapatano ya 2015 kati ya Japani na Korea Kusini kuhusu suala hili yalifikiwa bila wao kuulizwa. Kim Hak-sun, mmoja wa bibi hao, aliyejitokeza hadharani 1991 na kuishtaki serikali ya Japani, alifariki 1997 kabla ya hukumu. Wenzake, vizibao vya njano mwilini, waliketi kuandamana Jumatano baada ya Jumatano mbele ya ubalozi wa Japani, Seoul.