Spilita Haizai Skrini ya Pili

Jumatatu, sijamaliza hata kupangusa vumbi kwenye kaunta, dada mmoja mhasibu kaingia dukani kwangu hapa Majengo. Mkononi ana spilita, kile kiboksi cheusi: tundu moja la HDMI (la waya wa picha) la kuingizia, mawili ya kutolea. "Fundi, nimefunga sawasawa, ila skrini zote mbili zinaonyesha kitu kilekile." Nikamwambia hakijaharibika, dada, hiyo ndiyo kazi yake. Ni mteja wa nne tangu mwezi uanze, kwa hiyo leo naandika.

Muadhini ni mmoja hata msikiti ukifungwa spika sita. Spilita ndivyo ilivyo. Kompyuta inatoa picha moja kwenye tundu lake la HDMI, kiboksi kinainakili na kuipeleka kila upande. Windows yenyewe inaona skrini moja tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua "Extend" (yaani tandaza kazi kwenye skrini mbili) mpaka kidole kiume, hakuna kitakachobadilika, maana skrini ya kutandazia haipo. Kwa ukumbi wa mikutano, au baa inayoonyesha mpira, spilita ni kitu kizuri kabisa. Kwa mtu anayetaka Excel huku na barua pepe kule, hela imekwenda.

Na kinachoniudhi si hela. Ni kwamba karibu kila anayeniletea spilita, tundu la pili analo tayari. Nilimwomba yule dada ampigie mwenzake ofisini Mtumba, amtumie picha ya nyuma ya CPU (najua CPU ni chipu ya ndani, lakini mtaani boksi zima tunaliita hivyo). Picha ikaja: HDMI moja, VGA moja (tundu la picha la kizamani, la analogi), na DisplayPort, tundu jingine la picha, imekaa pale na vumbi lake, haijawahi kuguswa. DisplayPort inafanana na HDMI, ila imekatwa kona moja tu, na wengi hudhani ni HDMI ya kichina. Hilo tundu lina picha yake yenyewe. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI ungemaliza kazi bila kiboksi chochote. Angalia tu mwelekeo: waya huo hutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini. Ukiugeuza haufanyi kazi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, geuza CPU yako uhesabu matundu ya picha, halafu uangalie modeli yako inaruhusu skrini ngapi kwa pamoja. Kuna mashine za zamani zenye matundu matatu ambazo huwasha skrini mbili tu.

Wajuaji watanikumbusha kuwa kuna vigawio vya DisplayPort vinavyotoa picha tofauti tofauti. Ni kweli, vinaitwa MST, na vinataka DisplayPort 1.2 kwenda juu. Ukifika dukani taja jina hilo. Ukisema "spilita" utapewa spilita.

Hadithi nyingine ni ya kadi ya grafiksi, kadi ya ziada ya kutolea picha. Mzee mmoja alifungiwa kadi mpya, akarudi kulalamika kuwa skrini imekufa. Skrini nzima, waya mzima, ila bado umechomekwa kwenye tundu la zamani la ubao mkuu wa kompyuta. Mashine nyingi huzima matundu ya ubao kadi ikiingia. Hamishia waya kwenye kadi, au uyawashe ya ubao kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kama mashine inaruhusu.

Eti skrini lazima zifanane? Hapana. Inchi 19 ya zamani yenye VGA peke yake inakaa vizuri pembeni ya mpya. Kama CPU haina VGA, nunua adapta yenye chipu ndani, ya HDMI kwenda VGA. Waya mtupu hauwezi kugeuza dijitali kuwa analogi.

Eti inakula LUKU? Skrini ya LED ya inchi 22 hutumia kama wati 25. Saa nane kwa siku, siku tano, ni yuniti moja. Jiko la umeme la wati 1,000 linaimaliza hiyo kwa saa moja. Mimi nagombana zaidi na watu wanaochomeka skrini moja kwenye UPS (betri ya akiba) na nyingine ukutani, halafu umeme ukikatika nusu ya kazi inapotea machoni.

Dada aliondoka na waya. Saa tisa akapiga: "Fundi, picha zimekuja mbili, lakini mshale hauvuki." Nikamuuliza skrini mpya ameiweka upande gani. Kushoto. Windows kwa kawaida huipanga ya pili kulia. Fungua mipangilio ya skrini, nikamwambia, shika kile kiboksi chenye namba 2, kiburute kipite upande wa kushoto wa namba 1, kisha bonyeza "Apply". Nikamsikia anacheka peke yake kwenye simu.