Kidole cha Arnold Juu ya Mikoko ya Rufiji

Kila ninapoeleza mapigano ya Rufiji ya mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wasikilizaji huniuliza habari za mizinga, nami huanza na kidole cha kijana aliyekuwa angani.

Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa imejificha ndani ya delta, na mikoko iliiziba kiasi kwamba meli za Uingereza Severn na Mersey, zilizoingilia mlango wa mto wa Kikunja, zililazimika kuipiga bila kuiona. Macho yao yalikuwa ndege ya Henri Farman, ya mbao na kitambaa, iliyoruka kutoka Mafia; ndege za Sopwith zilizotangulia zilikuwa zimeshindwa na joto la pwani yetu. Mtazamaji alitazama kombora linapoangukia, akatuma kwa redio herufi za Morse, yaani milio mifupi na mirefu inayobonyezwa kwa kidole, nao wapiga mizinga wakarekebisha shabaha. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, hata ikawa vigumu kujua kombora lipi limetoka meli ipi, na Königsberg ikanusurika. Waliporudi tarehe 11 Julai walipiga kwa zamu, na kwa maoni yangu badiliko hilo dogo ndilo lililoamua vita.

Siku hiyo juu ya delta walikuwepo rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold, wote wa kikosi cha anga cha Jeshi la Majini la Uingereza. Severn ilikuwa imekwisha kupata shabaha pale injini ya ndege ilipopigwa. Cull akaanza kuishusha kuelekea mtoni bila nguvu ya injini. Arnold akatuma ujumbe kwamba wamepigwa na waletewe mashua. Kisha, wakati ambapo mtu yeyote angeshikilia ndege kwa mikono yote miwili, akaendelea kubonyeza Morse: makombora yote yanaipiga Königsberg sehemu yake ya mbele. Severn ikasogeza shabaha kuelekea katikati ya meli hiyo huku ndege ingali inashuka. Nimeirudia habari hiyo mara nyingi, na bado hunishika moyo.

Karibu na Mersey ndege iligusa maji ikapinduka. Cull, aliyefungwa mikanda, alizama nayo na kupambana hadi akajinasua, na mashua ikawaokoa wote wawili. Mchana huohuo Kapteni Max Looff, naye akiwa majeruhi, aliamuru meli yake, Königsberg, ilipuliwe. Cull na Arnold walitunukiwa DSO, nishani ya Uingereza ya utumishi uliotukuka kwa maofisa.