Eti dei kea ni pa kula na kulala tu?

Mitaani utasikia: "Huyo bado mdogo, hajui kitu. Mwache popote, mradi ale na alale. Kujifunza ni shuleni." Si kweli, na anayeumia zaidi ni mtoto wa mama anayetoka alfajiri kutafuta kibarua.

Mwaka 1972, huko North Carolina, Marekani, watafiti walianza kuchukua watoto wachanga wa familia maskini, 111 kwa jumla. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lililelewa kwenye kituo cha dei kea kutwa, mwaka mzima, hadi miaka 5. Wenzao wa kundi la pili nao walipewa maziwa ya kopo, hivyo shibe pekee haielezi tofauti. Kufikia miaka 30, asilimia 23 ya waliolelewa kituoni walikuwa na shahada. Upande wa pili, 6.

Kituoni humo, mlezi mmoja alishika wachanga 3 hivi, na mazungumzo hayakukatika. Hata kubadilisha nepi kuna darasa: unamtazama usoni, unamtajia mguu wake, unangoja aseme "aguu", unamjibu.

Kwa hiyo ukienda kukagua dei kea, usihesabu midoli. Simama mlangoni usikilize kama kuna mtu anayezungumza na watoto.