Askari magereza akikabidhiwa bunduki, Serikali inawajibika kwa lipi?

Wakazi wa Mbeya na Iringa wamezoea kuona wafungwa wakifyeka au kulima, na nyuma yao askari mwenye bunduki begani. Mfungwa akipigwa risasi, mtaani huulizwa: nani kafyatua? Swali ni halali, lakini halitoshi. Tuulize pia: huyo askari alifundishwa lini kutumia silaha hiyo, na nani alimkabidhi?

Kanuni za Nelson Mandela, za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ziko wazi. Kanuni ya 82 inataka askari anayekuwa ana kwa ana na wafungwa asibebe silaha isipokuwa kwa sababu maalumu, na asiyefunzwa asikabidhiwe kabisa. Akilazimika kutumia nguvu, isizidi inayohitajika, na amtaarifu mkuu wa gereza mara moja.

Kanuni ya 75 inadai mafunzo kabla ya kazi na mengine kazini. Kurutu anayehitimu Chuo cha Magereza Kiwira, kule Rungwe, ndiyo kwanza ameanza. Shabaha hupotea, sheria hubadilika, na gwaride halimfundishi mtu kuzuia hasira katikati ya zamu ya usiku.

Mimi naamini ukweli mwingi umo kwenye makaratasi. Daftari la ghala la silaha lioneshe namba ya bunduki, risasi zilizotoka na zilizorudi, saa, na sahihi za mtoaji na mpokeaji. Jalada la askari lioneshe tarehe ya mafunzo yake ya mwisho. Risasi tano zikitoka zikarudi nne, na jalada halina mafunzo yoyote ya karibuni, basi aliyemkabidhi naye ana la kujibu, na waliopanga bajeti ya mafunzo vilevile.

Katiba, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa mtu au kumdhalilisha, na mfungwa ni mtu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko na inaweza kukagua magereza. Anayetaka fidia hutoa kwanza notisi ya siku 90 kwa wizara au idara husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha hufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo ipo Mbeya na Iringa. Ndugu wa majeruhi wasisubiri barua kutoka gerezani. Wafuatilie PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) mapema, watunze karatasi za hospitali, na waandike majina ya walioshuhudia kabla hawajahamishwa gereza.